Mkono wa Kushoto wa Longino Ponera

Wasifu wa marehemu Longino Romanus Ponera (1956–2001), uliosomwa na mdogo wake, Aurelia Ponera, katika mazishi yaliyofanyika Maposeni, Jumatano tarehe 29 Agosti 2001

Baba Paroko, mama yetu Kunegunda, wifi yangu Lidwina, majirani wa Majengo na wa hapa Maposeni, na ninyi watoto mliokalishwa mbele: poleni. Mwenyekiti wa kamati ya mazishi, mzee George Komba, aliagiza wasifu usizidi ukurasa mmoja. Nimemtii katika mambo mengi tangu Jumapili, ila katika hili atanisamehe. Nina jambo la kuwaomba kabla hatujamfukia kaka yangu, na jambo lenyewe halieleweki mpaka mtu amjue yeye na mashine yake.

Marehemu alizaliwa hapa Maposeni, Alhamisi tarehe 15 Machi 1956, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto watano wa marehemu mzee Romanus Ponera na mama Kunegunda Nyoni. Siku hiyo ni sikukuu ya Mtakatifu Longino, kwa hiyo jina halikuhitaji kikao. Mama anasema alikuwa mtoto wa mikono tangu mwanzo. Ukimwacha peke yake na kitu chenye skrubu, ukirudi unakuta skrubu zimepangwa mstari na yeye anakutazama kana kwamba wewe ndiye uliyevunja.

Alisoma shule ya msingi hapahapa, kuanzia mwaka 1964 hadi 1970. Mimi nilianza darasa la kwanza mwaka 1969, yeye akiwa la sita. Mama ndiye aliyenipeleka kuandikishwa. Mwalimu akauliza jina, Mama akajibu kama anavyojibu hadi leo: Aulelia. Wote tunajua kwamba huku kwetu R na L zimelala kitanda kimoja, na mdomo ukiikosa hii huchukua ile. Mwalimu naye alikuwa wa huku, akaandika alivyosikia. Mwaka mzima nikaitwa Aulelia kwenye mahudhurio, na wenzangu waliotoka mjini wakanicheka mpaka nikakataa kwenda shule.

Longino aliingia ofisini wakati wa mapumziko, akakwangua lile kosa kwa wembe na kuandika R kwa wino. Alichapwa viboko vinne mbele ya shule nzima. Jioni, akiwa bado anakaa upande mmoja, aliniambia, "Nimekununulia R. Itunze." Tangu siku ile hakuna mtu mwenye ruhusa ya kuniita Aulelia isipokuwa wawili: Mama, kwa sababu ulimi wake hauna njia nyingine, na yeye Longino, kwa utani, pale alipoona nimenuna.

Mwaka 1972 hadi 1973 alisomea upigaji chapa katika shule ya ufundi ya umisheni, na Januari 1974 akaajiriwa kuwa karani mpiga chapa katika ofisi moja ya ushirika mjini Songea. Alikaa kwenye taipureta ileile kwa miaka kumi na tisa. Tarehe 9 Oktoba 1982 alifunga ndoa takatifu na Lidwina Kayombo, na Mungu akawajalia watoto watatu: Fulgence, Hilda na Lightness. Wifi Lidwina husema kwamba hata katika uchumba wao, alipomshika mkono, vidole vyake vilikuwa vikiendelea kuchapa juu ya ngozi yake. Akimwuliza ameandika nini, anajibu kwamba ni barua ya kikazi.

Mwaka 1993 ukafika ule wakati wa kupunguza watu, naye akapunguzwa. Aliondoka na taipureta chakavu na vifundo vya mikono vilivyovimba. Hilo la vifundo nataka lisikike. Miaka kumi na tisa ya kuchapa, viganja vikiwa vimepinda nje na mabega yamekunjwa, ilikuwa imemla mishipa. Asubuhi alishindwa kufunga vifungo vya shati, Lidwina akamfungia. Alipewa dawa ya kuchua na kuambiwa apumzishe mikono. Mtu mwenye watoto watatu na kazi moja tu anayoijua, aliambiwa apumzishe mikono.

Machi 1994 alifungua duka la kuchapa barua pale Majengo, nami nikaungana naye kwa kazi za fotokopi na kujalidi. Mwaka 1997 Bruda Aidani, aliye nasi hapa leo, alimpa kompyuta iliyokuwa inatupwa kutoka karakana ya umisheni. Kompyuta ile ililetwa dukani ikiwa na mfumo uleule wanaoutumia watu wote mjini, na wateja wakaja na diski zao zilizojaa virusi. Kila mwezi mashine ilikuwa inazirai. Mwaka uliofuata Bruda akamletea mfumo mwingine kwenye sidii, uitwao Linux, ambao hauuzwi na ambao mwenye mashine anaruhusiwa kuufungua tumbo na kuubadili apendavyo. Kaka yangu alifurahi kama mtoto aliyeachiwa redio na bisibisi. Majuma matano duka lilikuwa na kioo cheusi chenye herufi nyeupe, bila picha hata moja, na wateja wakanong'ona kwamba kompyuta ya Ponera imepofuka.

Haikuwa imepofuka. Alikuwa anaifundisha kibodi yake. Alichukua kibodi mbili zilizokufa, akang'oa vitufe, akachonga visanduku viwili vya mninga na kuvipanga humo, kimoja cha mkono wa kulia na kingine cha kushoto, akaviunga kwa nyaya. Aliviweka mezani vikiwa vimeachana kwa upana wa mabega, kila kimoja kimeinama kwa nje, ili mikono ikae kama inavyokaa mtu anapopumzika. Meza akaikata miguu. Kioo akakipandisha juu ya debe. Chini ya meza akaweka betri ya lori na kile kisanduku cha kugeuza umeme, maana umeme wetu wa jenereta mnaujua wenyewe. Majirani wa Majengo waliviita visanduku vile mizinga ya nyuki, na mtu akipita dukani humwuliza kama leo amerina asali.

Hata herufi alizipanga upya. Aliniambia kwamba kibodi za dukani zilipangwa na watu wasiosema lugha yetu, ndiyo maana kidole kidogo cha kushoto, kilicho dhaifu kuliko vyote, kimetwishwa A, herufi ambayo sisi hatuwezi kusema sentensi bila kuiita mara kumi. Yeye akaweka irabu zote mkono wa kushoto: A kidole cha shahada, I cha kati, U cha pete, E kidole kidogo, na O pembeni kidogo. Konsonanti zote zikaenda kulia. Kwa kuwa maneno yetu huenda konsonanti, irabu, konsonanti, irabu, mikono yake ikawa inapokezana kama wanawake wawili wanaotwanga kinu kimoja. Maumivu yakapungua. Mwaka 1999 alifunga vifungo vya shati lake mwenyewe, na Lidwina akaja dukani kunihadithia huku analia.

L na R alizipa kitufe kimoja. Rasimu zote tulizoletewa zilikuwa na balua, halusi na kaburi la maua lililoandikwa kabuli la maura, kwa hiyo alisema hana haja ya kutenganisha ndugu. Ukibonyeza kitufe unapata L. Ukitaka R, unashikilia pia kitufe cha kidole gumba cha kushoto. Vitufe havikuandikwa chochote. Mimi nilijifunza kwa kupigwa vidole na rula, nikiwa mtu mzima wa miaka thelathini na sita.

Sasa nafika kwenye jambo langu.

Mnakumbuka miaka hiyo ilivyokuwa, na bado iko hivyo. Mnajua jinsi tulivyozika. Oktoba 1998 alikuja dukani jirani yetu Emerensiana, akiwa amebaki mifupa, akamwomba Longino amwandikie barua. Haikuwa ya kupelekwa posta. Ilikuwa ya binti yake Ekaristia, ambaye wakati huo alikuwa darasa la nne, naye aipewe siku atakayomaliza la saba. Longino akauliza kwa nini asiiache nyumbani. Emerensiana akamjibu, "Karatasi italiwa na mchwa. Ikipona mchwa, itasomwa na wajomba." Longino akanitoa nje, akafunga mlango, na kwa saa nzima nikasikia tu mizinga ya nyuki ikifanya kazi.

Baada yake wakaja wengine, akina mama na akina baba. Walitoka Majengo, Maposeni, Namtumbo, na mmoja alitoka Nakapanya akiwa amelazwa juu ya magunia ndani ya lori. Longino hakuchukua chochote kwao. Barua zilibaki ndani ya mashine, na kwenye daftari aliandika jina la mtoto tu na siku ya kupewa. Mwaka 1999 ndugu wa marehemu mmoja alikuja dukani kwa fujo, akitaka kujua nyumba imeachiwa nani. Longino alipomtoa nje, alifunga barua zote kwa neno moja la siri. Hakulisema kwangu wala kwa mke wake. Alisema aliwaahidi wale watu kwamba hakuna mdomo ulio hai utakaotamka yaliyomo kabla ya siku yake. Nilimwuliza je, wewe ukifa? Alisema ataliandika neno hilo na kumkabidhi Baba Paroko. Tulikuwa tunakata karatasi. Alisema wiki ijayo, na wiki ijayo ikawa miaka miwili.

Zipo barua sitini na moja.

Jumatatu tarehe 20 Agosti, saa nne asubuhi, akiwa amekaa kwenye meza yake, aliinamia upande wa kulia kana kwamba anaokota kitu. Kiharusi kilichukua mkono wa kulia, mguu wa kulia na ulimi. Alilazwa siku sita, nami nilikaa naye zote. Alikuwa anaelewa kila kitu, nataka mjue hilo. Macho yake yalinifuata. Vidole vya mkono wa kushoto havikutulia, vilikuwa vinapigapiga shuka, vinaacha, vinaanza tena. Nilidhani ni mishipa inakufa. Nilimshika mkono, nikaubana katikati ya mikono yangu miwili mpaka ukatulia, na machozi yakamtoka, nami nikamfuta nikamwambia atapona. Alifariki Jumapili tarehe 26 Agosti 2001, saa tisa alasiri, akiwa na umri wa miaka arobaini na mitano.

Tangu Jumatatu mashine iko hapa nyumbani kwa Mama, na betri yake ya lori. Bruda Aidani na mimi tumejaribu maneno zaidi ya mia mbili. Tumejaribu majina ya mke na watoto, ya watakatifu, ya vijiji, tarehe za ndoa na za kuzaliwa, hata jina la mbwa aliyekufa mwaka 1968. Kila mara linakuja jibu lilelile, kwamba neno si sahihi. Nimempigia simu fundi mmoja aliyeko Dar es Salaam. Aliniambia kwa upole kwamba hata tukiing'oa diski tukamletea, atakuta takataka za herufi tu, na kulikisia neno kunaweza kuchukua muda kuliko maisha yetu sote tuliopo hapa. Nakala zilizoko karakana kwa Bruda nazo zimefungwa kwa neno hilohilo.

Ekaristia anafanya mtihani wa darasa la saba mwezi ujao. Amekaa pale mbele, mwenye sweta ya kijani. Jana aliniuliza kama barua ya mama yake bado ipo. Nilimwambia ipo. Sikuwa na ujasiri wa kumwambia kwamba ipo kama maji yalivyo chini ya ardhi ambayo hatuna jembe la kuyafikia.

Basi ombi langu ni hili. Kama yuko mtu hapa aliyewahi kumsikia Longino akitaja neno lolote kuhusu mashine ile, hata kwa mzaha, hata kama unaona ni upuuzi, usiondoke bila kuniona. Kama ulikuwa na ugomvi naye, njoo. Kama ulimcheka na mizinga yake, njoo pia. Wale wazazi sitini na mmoja walikufa wakiwa wametulia kwa sababu ya ahadi yake, na ahadi hiyo sasa imelala ndani ya sanduku hili mbele yetu. Sijui la kufanya. Nasema wazi mbele ya Baba Paroko kwamba tangu Jumapili sijaweza kusali, nimekuwa nakisia tu.

Marehemu ameacha mama mzazi, mjane mmoja, watoto watatu, na wadogo zake Jane, Leo na Aurelia. Ameacha pia watoto sitini na mmoja ambao si wa damu yake, na wote wanamdai neno.

Karatasi mlizonazo zinaishia hapo. Zilichapwa jana kwa taipureta ya kuazima. Haya yanayofuata nimeyaandika kwa kalamu leo asubuhi nyuma ya karatasi yangu, mtanivumilia.

Saa moja asubuhi tulikuwa tunamvalisha. Mama alitaka rozari iwekwe mkono wa kushoto, kwa kuwa ndio uliokuwa hai hadi mwisho. Vidole vilikuwa vimekakamaa, nikawa navikunja kimoja kimoja juu ya shanga. Nikakunja cha shahada. Nikaenda cha pete. Nikaenda kidole kidogo, nikarudi cha kati, nikarudi cha shahada. Sijui kwa nini nilifuata mpangilio huo. Mkono wangu ndio uliojua. Ulikuwa umeushikilia mkono wake siku sita, na vidole vyake vilikuwa vinapiga ndani ya kiganja changu kwa mpangilio huo huo, vinaacha, vinaanza tena.

Haikuwa mishipa. Alikuwa anachapa.

Nilimwacha Mama pale, nikakimbilia kwenye mashine. Shahada ni A. Pete ni U. Kidogo ni E. Kati ni I. Shahada tena, A. Alikuwa na irabu peke yake, kwa sababu konsonanti ziko mkono wa kulia, na mkono wa kulia ulikuwa umeshakufa. Alinipa nusu ya neno aliyokuwa nayo. Nikaitazama hiyo nusu, A, U, E, I, A, na hilo ni jina langu. Nikachapa Aurelia.

Mashine ikakataa.

Nikachapa tena, polepole. Ikakataa tena. Nikakaa chini sakafuni, nikasema moyoni kwamba huu ndio mwisho, amenipa yote na bado sikuweza. Ndipo Mama akaniita kutoka chumbani, "Aulelia! Weye Aulelia, njoo kwanza, lozali ya kaka yako imedondoka."

Nikakumbuka kidole gumba. Kwenye kibodi yake hakuna R bila kidole gumba cha kushoto. Na kwa siku zote sita, vidole vinne vilikuwa vinahangaika juu ya shuka, lakini gumba lilikuwa limetulia, halikuinuka hata mara moja. Lingeweza kuinuka. Alikunywa uji akishika kikombe kwa gumba hilohilo. Hakulitumia kwa sababu neno lake halikuwa na R.

Ndugu zangu, imefunguka. Yako majina sitini na moja, kila moja na barua yake, na Bruda Aidani ni shahidi wangu kwamba hatujasoma hata mstari mmoja. Neno lenyewe nimelitamka sasa mbele yenu wote, na jioni hii tutalibadilisha na kumkabidhi Baba Paroko lile jipya kama Longino alivyokusudia. Nawaomba radhi mliokuja na makisio yenu. Ekaristia, siku utakayoweka kalamu chini, njoo dukani. Nitafunga mlango na nitakaa nje.

Kwa kaka yangu sina radhi inayotosha. Siku sita alinipigia jina langu kiganjani, nami nikaubana mkono uliokuwa unasema, nikaita hiyo ni huruma. Alilia, nikamfuta machozi badala ya kumsikiliza. Nitaishi na hilo.

Ile R uliyoninunulia kwa viboko vinne nimeitunza miaka thelathini na moja, na leo nimeiacha ili nikufikie. Mikono yako ipumzike kwa amani, kaka. Aulelia amesikia.